Nzohe Hapendi Watu wa Kunyata

Walinzi wenzangu, mmeniomba niandike, nami naandika, lakini msitarajie habari za vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye faili, faili liko Eldoret mjini, na kabati lake lilipoteza ufunguo kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Nitawaandikia habari za buti, baridi, ng'ombe mmoja na mnyama mmoja wa porini. Mkicheka mkisoma, hamjanikosea. Hata mimi naandika huku nacheka peke yangu, na jirani ameshabisha mlango kuuliza kama niko sawa.

Nyinyi mnaijua Kaptarit, lakini karatasi hii huenda ikasomwa na mtu ambaye hajawahi kufika. Basi mgeni, Kaptarit ni bonde dogo upande wa baridi, juu ya Ainabkoi. Katikati kuna kinamasi kilichojaa matete, na pande zote kuna msitu wa mierezi na mianzi. Ni hifadhi: hakuna kukata mti, hakuna kulisha, hakuna kuwinda. Kuna mbega wenye makoti meusi na meupe, kuna tumbili mwenye ndevu nyeupe ambaye watu humwita kalasinga, kuna korongo wenye taji. Na kuna nzohe, ambaye kwa ajili yake ndiyo hifadhi ikatengwa.

Nzohe ni swara wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hazami kwenye matope, ila akipanda nchi kavu anatembea kama bibi harusi aliyeazima viatu. Akishtuka anaingia majini na kuzama mwili mzima, anabakiza pua tu. Ukiwa umesimama kando yake unaweza kuapa mbele ya kanisa kwamba hapo hakuna kitu.

Mimi nimemlinda mnyama huyo maisha yangu yote ya kazi. Na mpaka wiki yangu ya mwisho kazini, sikuwa nimemwona hata mara moja.

Haya, cheka kwanza, kisha tuendelee.

Siku ya kwanza nilishuka pale kituoni nikiwa na sanduku la bati na kandambili, msichana kutoka upande wa Bungoma ambaye baridi aliijua kwa kusikia tu. Asubuhi nilipofungua mlango, nyasi zote zilikuwa nyeupe. Nikadhani gunia la unga limepasuka. Nikainama nikachukua kidogo, kikaniyeyukia mkononi, nikapiga kelele. Hapo ndipo nilipokutana na mkubwa wangu wa kwanza, Mzee Cheboi, ambaye wakati huo hakuwa mzee sana. Alikuwa anaingia getini, shati limelowa jasho katika baridi ile.

"Huo ni umande tu, umeganda," akasema. "Wewe ndio Nekesa? Hizo miguu utazifunika ama umeleta ziuzwe?"

Akaniletea buti za mpira kutoka stoo, zimenizidi ukubwa, akajaza magazeti ndani mpaka zikanikaa. Nilizivaa miaka mingi. Kila mtu hapa duniani ana siku aliyopendwa bila kuambiwa, na yangu ni ile.

Mzee Cheboi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupima matope kwa fimbo ndefu ya mwanzi kabla ya kukanyaga, kukata waya wa mitego kwa plaisi bila ya kujikata, na kutofautisha nyayo. Wayo wa nzohe ni mrefu, umeachana mbele, huwezi kuusahau. Alinifundisha pia kwamba ile sauti ya alfajiri, ambayo mimi nilidhani ni lori linakataa kuwaka, ni mbega dume anawasalimu wenzake. Lakini zaidi ya yote alinifundisha kunyata.

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," alikuwa akisema. Tukatembea kwa ncha za vidole. Tukajifunza kupumua kwa mdomo wazi, kutoruhusu matete kugusa jaketi, kusimama mguu mmoja kama korongo mpaka mguu ufe ganzi. Alfajiri tulikuwa tumeshajificha pembeni mwa kinamasi, darubini machoni, thamosi ya chai kati ya magoti, kimya kabisa. Na mbele yetu palikuwa na matete, na nyuma ya matete, matete mengine.

Kisha saa ya kuripoti tunarudi kituoni, na Mzee Cheboi naye anafika, jasho linamtiririka.

"Nimetoka ukaguzi," anasema, huku akifuta shingo. "Wako wawili pale kwa mwerezi ulioanguka. Dume na jike. Nyinyi mmeona?"

"Hapana, Mzee."

"Mnyate zaidi."

Tulimheshimu mno. Tuliambiana, tazama mkubwa wetu, sisi tumejificha kona moja, yeye anazunguka hifadhi nzima kwenye ukaguzi, na baraka anaziona. Basi tukanyata zaidi. Mimi nilinyata mpaka nikawa nanyata hata nyumbani, na mume wangu akaniomba nifunge kengele kiunoni kwa usalama wa moyo wake.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Njoroge, kijana wa wakulima wa viazi, mtu wa maneno mengi ambaye kunyata kulimtesa kuliko njaa. Njoroge alimwona nzohe katika mwezi wake wa kwanza. Siku hiyo alikanyaga mzinga wa nyuki ulioanguka, nyuki wakamtoa mbio tangu msituni, akashuka barabara ya udongo inayopita kando ya kinamasi akipunga jaketi na kumtaja Mungu wake. Alipofika kituoni uso umevimba kama andazi, kitu cha kwanza alichosema si maji wala dawa.

"Madam, nimemuona! Ngai! Amesimama tu hapo kando ya barabara, anatafuna, ananicheki!"

Nililia siku ile. Nilimpaka dawa huku nalia, yeye akadhani namhurumia.

Tatizo langu kubwa lilikuwa watoto wa shule. Walikuja kwa mabasi kutoka Moiben, kutoka Ziwa, kutoka mjini, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza, kwa kuwa nina sauti ya kwaya. Niliwaeleza kila kitu: kwato, manyoya yenye mafuta, jike mwekundu mwekundu, dume mweusi mweusi mwenye pembe za kujisokota. Wanasikiliza, macho yametoka. Kisha lazima mmoja, tena aliyekaa mbele, anyanyue mkono.

"Madam, wewe ulimuona lini?"

Mimi ni mtu wa kanisa. Nikajibu, "Nimeona dalili zake." Watoto wakatazamana. Mnajua mtoto anavyomtazama mtu mzima aliyemwomba aamini kitu. Yule aliyekaa mbele akaandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo ningependa kujua aliandika nini.

Sasa niwaeleze ile kesi ya ng'ombe, kwa sababu najua mmeisikia kwa Njoroge, na Njoroge huongeza chumvi.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Nilinyata mpaka ukingoni, nikaweka darubini, na katikati ya matete nikaona pua. Matundu mawili meusi yanayopumua, juu ya maji, na kipande cha paji la uso lenye rangi ya kahawia. Moyo wangu ukaniruka. Nikaisogeza darubini kwa pupa mpaka ikanipiga nyusi. Nikashika redio na, badala ya kutumia lugha ya kazi, nikaimba. Kweli, niliimba. "Nimemwona, Bwana asifiwe, nimemwona!" Kituo kizima kikasikia, na kituo cha jirani pia, maana redio haichagui.

Wakaja wote, Mzee Cheboi mbele. Akachukua darubini. Akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nekesa," akasema, "huyu amevaa kamba shingoni."

Alikuwa ng'ombe wa Mama Chebet, mkulima wa mpakani. Alikuwa amepenya ua akifuata majani mabichi, akazama hadi shingoni. Na mnyama alikuwa anakufa, kwa hiyo kicheko kikasubiri. Tulitandika mianzi juu ya matope, nikatambaa kwa tumbo kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona, nikapitisha kamba nyuma ya miguu ya mbele. Tukavuta. Mama Chebet akaja na wanawake wenzake, wakavuta. Wanariadha waliokuwa wanapita kwenye mazoezi wakasimamisha saa zao, wakavuta pia. Ng'ombe akatoka kwa mlio mmoja mkubwa, sisi sote tukaanguka chali, na Mama Chebet akamkumbatia shingo akimwita majina matamu ambayo sidhani mumewe aliwahi kuyasikia.

Wiki ile yote aliniletea mursik, maziwa mala yenye mkaa wake, kibuyu kwa kibuyu. Na wiki ile yote Njoroge alinipokea getini kwa swali moja: "Madam, nzohe wako amekamuliwa?"

Baadaye Mzee Cheboi alistaafu, akarudi shambani kwake Ziwa. Siku ya kumuaga aliniachia fimbo yake ya mwanzi. Na tangu alipoondoka, hakuna aliyemwona nzohe tena.

Hapo kicheko kilipungua, sitawadanganya. Ilikuwa miaka ya waya. Tulikata mitego asubuhi, jioni tukakuta mingine, mpaka viganja vikaota sugu. Mara mbili tulikuta mtego umefungwa na manyoya yamebaki. Mvua zikawa kubwa, maji yakafuta nyayo. Nikawa nasimama mbele ya wale watoto na kueleza kwato na manyoya, na ndani yangu sauti inauliza: je, kama hayupo tena? Je, kama nalinda matete? Njoroge naye aliwaza hivyo hivyo, nilimwona kwa jinsi alivyoacha utani. Tulikata waya hata hivyo. Nawaambia nyinyi mlioanza juzi, kuna siku nyingi za kazi hii ambazo mtu hukata waya bila kujua anamkatia nani, na ni lazima akate. Kidogo kidogo mitego ikapungua, kisha ikaisha. Lakini kinamasi kilikaa kimya.

Basi ikafika wiki yangu ya mwisho. Mlikuwa mnanipangia sherehe kwa siri, na mliipanga kwa sauti kubwa hivi kwamba nilijua mpaka rangi ya keki. Mimi sikutaka keki. Nilitaka nimwone mara moja kabla sijarudisha buti. Kila alfajiri nilinyata, kwa magoti haya ambayo yanalia kama mlango wa stoo. Matete, na nyuma ya matete, matete.

Asubuhi moja nimerudi, nimekaa kwenye ngazi ya ofisi nimenuna, wanariadha wakaingia kunywa maji kwenye tangi letu kama wanavyofanya siku zote. Mbele yao ni Jeruto, yule mama wa watoto wawili anayekimbia marathoni, ambaye nimemjua tangu akikimbia na sare ya shule.

"Chamgei, Mama Nekesa. Mbona leo uso iko hivyo?"

Nikamwambia. Nilikuwa sina nguvu ya kuficha. Nikamwambia nastaafu, na yule swara wa majini sijamwona, na labda ameisha.

Jeruto akaacha kunywa. Akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama.

"Hizo nyekundu nyekundu ziko na mistari? Mama, si tunazionanga kila siku! Leo zilikuwa tatu. Na katoto."

Nilisimama. Sijui nilisimamaje, magoti hayakuniuliza.

"Wapi?"

"Hapo tu kwa ile mti ilianguka, kando ya barabara. Hazitorokangi. Zinatuangalia tu."

"Na miaka hii yote hamkusema?"

"Si nyinyi ndio wenyewe? Tulidhani mnazijua kwa majina."

Kwenye ngazi ile ile nikakaa tena, na vitu vikaanza kupangana kichwani, kimoja baada ya kingine. Wanariadha wanakimbia. Njoroge alikuwa anakimbizwa na nyuki. Na sisi, walinzi, watu wa hifadhi, tulikuwa tunanyata. Nani mwingine hunyata kwenye matete alfajiri? Mwenye mtego. Mwenye mkuki. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na nzohe walikuwa wameijua methali hiyo kabla ya Mzee Cheboi. Kwa macho yao mimi nilikuwa mwizi mwenye subira. Mtu anayepita mbio, anahema, viatu vinapiga chini pa, pa, pa, huyo ana shida zake mwenyewe, hana habari na swara.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Njoroge alitoka ofisini kuona kuna nini, nikamweleza, akakaa chini kwenye simenti na kofia yake.

"Madam," akasema, "basi kesho utakimbia."

Sasa, watu wa nje wanadhani kila mtu anayeishi Eldoret anakimbia. Mimi nimeishi huku tangu ujana na sijawahi kukimbia hata nikinyeshewa. Mwili wangu ni wa kwaya na chapati. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jeruto aliniletea raba zake za zamani, na kwa mara ya pili katika maisha yangu ya kazi mtu akanivisha viatu, safari hii vikinibana. Njoroge akasema nisivae jaketi la kijani, akanipa fulana ya njano ya kampeni ya zamani ya mwanasiasa ambaye sitamtaja, ambaye sikumpigia kura.

Kesho yake tukaanzia getini, Jeruto na wenzake wakikimbia mwendo ambao kwao ni kulala usingizi.

"Mama, sheria ni moja," Jeruto akasema. "Usisimame. Ukisimama tu, wanaenda."

Pa, pa, pa. Kwenye kona ya kwanza nilimwita Yesu. Kwenye kona ya pili niliwaita wazazi wangu. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, mbega wananguruma juu, mapafu yangu yananguruma chini, sisi wawili hatukutofautiana. Tukashuka mteremko. Nikaona mwerezi ulioanguka.

Na hapo alikuwa amesimama.

Jike, mwekundu, manyoya yamelowa, mistari myeupe mgongoni kama mtu amempitishia kidole chenye unga. Alikuwa na tete mdomoni, limening'inia nusu. Ubavuni pake mtoto, masikio makubwa kuliko akili. Walikuwa karibu hivi kwamba niliona kope. Alinitazama. Alitazama fulana, akatazama raba, akarudisha macho usoni kwangu, akaendelea kutafuna.

Nilitaka kusimama. Kila kitu ndani yangu kilisema simama, Nekesa, ndiye huyu. "Usisimame!" Jeruto akaninong'oneza kwa ukali. Nikampita. Nikafika mbele, nikageuka, nikarudi nikikimbia. Bado yupo. Nikampita tena, nikageuka tena. Wanariadha walikuwa wameshafika mbali wakigeuka kunitazama, mama mzima wa fulana ya njano anakimbia kwenda na kurudi mbele ya swara mmoja, machozi na kamasi vinatiririka, anacheka kwa sauti, na swara hana habari. Nilimwambia mambo mengi nikipita. Nilimwambia samahani kwa kunyata. Nilimwambia kuhusu waya. Nilimwambia asante kwa kuwepo. Miguu ikakataa, nikaanguka kwenye nyasi kama gunia la viazi, nilipoinua kichwa palikuwa na mawimbi madogo tu kwenye maji, na pua mbili. Kubwa na ndogo.

Hazikuwa na kamba.

Jioni ile nikampigia simu Mzee Cheboi kule Ziwa. Masikio yake siku hizi ni mazito, ikabidi nipaze sauti, jirani zangu wakapata habari pamoja naye.

"Mzee! Nimemwona! Na mtoto wake!"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Ulikuwa unakimbia?" akauliza.

Nikakaa na simu sikioni. Nikaiona tena ile siku ya unga kwenye nyasi, na lile shati lililolowa jasho. Nikaziona asubuhi zote zile, yeye akiingia getini baada yetu, akifuta shingo.

"Mzee, ule ukaguzi wako wa alfajiri..."

"Nekesa, mimi nilikuwa nakamua ng'ombe sita. Nani angenikamulia? Nilikuwa nachelewa kazi kila siku. Nilikuwa nakimbia kutoka pale nilipopanga mpaka geti, kwa ile barabara ya kinamasi."

"Na ukatuambia tunyate!"

"Sasa ningewaambia nini? Njooni mkiwa mmechelewa?"

Tulicheka mpaka akaanza kukohoa, na mkewe akamnyang'anya simu akaniuliza nimemfanyia nini mzee wa watu.

Kwa hiyo huu ndio urithi wangu kwenu. Fimbo ya mwanzi iko nyuma ya mlango wa stoo, itumieni kupima matope. Buti nimerudisha, zina magazeti ndani, msiyatoe. Mitego ikirudi, kateni. Lakini mkitaka kumwona mnayemlinda, vaeni raba mpite kama watu wenye shughuli zao. Raba za Jeruto sikurudisha. Mjini nina kitanda kizuri na jirani mwenye wasiwasi, ila mara kwa mara napanda gari la kwanza la Ainabkoi, nashuka getini kwenu, nakimbia ule mteremko kabla hamjaamka vizuri.

Leo alikuwa pale pale, na yule mtoto amekua. Nilipita nikihema kwa kelele zangu zote. Hata hakuinua kichwa.